Ubongo wa Mtu Mzima Baada ya Jeraha: Je, Niuroni Huota Upya?

1. Utangulizi

Mjini Goma si ajabu kumkuta mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki, akiwa amepoteza usemi. Jamaa zake huuliza: je, ubongo wake utaota upya kama mgomba uliokatwa? Makala haya mafupi yanakusudia kulijibu swali hilo na kuonyesha kwa nini linawahusu wanaisimu pia.

2. Kuhusu niuroni mpya

Niuroni ni chembe za ubongo zinazopokea na kupeleka habari. Mwanzoni mwa karne ya 20, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alifundisha kwamba chembe hizo zikifa katika mtu mzima hazirudi. Fundisho hilo lilitikiswa katika miaka ya 1960, Joseph Altman alipoona niuroni changa katika ubongo wa panya waliokomaa. Mwaka 1998 Peter Eriksson na wenzake walitangaza kuziona katika hipokampasi ya binadamu, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Hata hivyo ubishi haukukoma: mwaka 2018 kundi moja la watafiti lilisema halikuziona kwa watu wazima, na kundi jingine, mwaka huo huo, likasema zipo hata kwa wazee.

Kuhusu gamba la ubongo, ambamo mna maeneo makuu ya lugha, jibu ni wazi zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, nayo ikaingia mwilini kwa njia ya chakula. Kwa kuipima, watafiti hukadiria umri wa niuroni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 juu ya gamba la watu waliopatwa na kiharusi haukupata dalili ya niuroni mpya zilizozaliwa kuziba pengo.

3. Namna ya kupona

Mbona basi wengi hurejewa na maneno? Niuroni zilizosalia kandokando ya jeraha huotesha matawi na kuungana upya. Nusu ya pili ya ubongo nayo huweza kubeba sehemu ya kazi. Mabadiliko haya huwa ya haraka zaidi katika miezi ya kwanza, na mazoezi huyasaidia. Kwa hiyo mfano wa mgomba una ukweli wake: shina lililokatwa halirudi, bali machipukizi ya kando hustawi.

4. Lugha ipi hurudi kwanza?

Mwaka 1881 Théodule Ribot alishikilia kwamba kilichojifunzwa mapema ndicho hudumu zaidi. Mwaka 1895 Albert Pitres alijibu kwamba hutangulia lugha iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa. Kanuni zote mbili zina mifano inayozipinga. Mara nyingi lugha zote hurudi sambamba. Kwetu, mtu huweza kusema Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni. Akipimwa kwa Kifaransa peke yake, huenda akahesabiwa bubu, ilhali salamu ya Kiswahili angeiitikia.

5. Hitimisho

Afasia si wazimu. Jamaa wazungumze na mgonjwa polepole, kwa kila lugha aliyoijua, wala wasimsemee kila neno. Nasi wanaisimu tuna wajibu wa kuandaa vipimo vya usemi vinavyofuata Kiswahili kama kinavyosemwa hapa Goma, ili asiyejibu kwa lugha moja asikatiwe tamaa katika zote.