Ubaguzi wa rangi si matusi pekee: Funzo la mikataba ya Wamaasai

MJINI Kitengela, Kaunti ya Kajiado, waumini wa makabila mbalimbali huabudu pamoja kila Jumapili. Hata hivyo, mwenyeji akilalamikia kupotea kwa ardhi ya malisho, huenda akaitwa mbaguzi. Naye mgeni anayemdharau mfugaji hujitetea kwamba hajamtusi mtu.

Utata huo watokana na maana finyu ambayo wengi hulipa neno ubaguzi: chuki ya moyoni au tusi la hadharani. Historia ya Kajiado yenyewe yaonyesha kuwa maana hiyo haitoshi.

Mnamo Agosti 10, 1904, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, ili wahame Bonde la Ufa na kuwapisha walowezi wa Kizungu. Walitengewa maeneo mawili: Laikipia upande wa kaskazini, na eneo la kusini linalojumuisha Kajiado ya leo. Waliahidiwa kuwa ardhi hiyo ingesalia yao maadamu jamii yao ingalipo.

Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka saba. Mkataba wa Aprili 1911 uliwaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Walishtaki, lakini katika kesi ya Ole Njogo ya 1913 mahakama iliamua kuwa haikuwa na mamlaka ya kuhukumu mikataba ya aina hiyo.

Mkataba wa 1904 umeandikwa kwa lugha ya adabu, na hata wadai kuwa kuhama kulikuwa kwa manufaa ya Wamaasai wenyewe. Iwapo ubaguzi ni matusi tu, basi hapakuwa na kosa. Ilhali ardhi iligawanywa kwa kutazama rangi ya ngozi.

Biblia yatoa kipimo kipana zaidi. Kitabu cha Mwanzo (1:27) chafundisha kuwa binadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na Matendo ya Mitume (17:26) kwamba mataifa yote yana asili moja. Kumhesabu mtu kuwa duni kwa sababu ya rangi ni kumdharau Muumba.

Lakini dhambi haikomei moyoni. Katika 1 Wafalme 21, shamba la Nabothi lilitwaliwa kwa barua zenye mhuri, mashahidi na baraza la wazee. Utaratibu wote ulifuatwa, na bado nabii Eliya akamkabili Mfalme Ahabu. Mhuri haukuutakasa udhalimu.

Kanisa nalo lilichelewa kukiri hayo. Ni mwaka 1982, jijini Ottawa, ambapo Muungano wa Makanisa ya Reformed Duniani ulitangaza kuwa kutetea sera ya ubaguzi ya Afrika Kusini kwa misingi ya kidini ni uzushi.

Kwa mtazamo huu, ubaguzi wa rangi ni dharau kwa watu wa asili fulani, pamoja na sheria na desturi zinazoipa dharau hiyo nguvu. Ukabila si rangi, lakini mzizi ni mmoja. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 yakataza yote mawili.

Kwa hivyo, mfugaji wa Kitengela anayedai haki ya ardhi si mbaguzi kwa kudai tu. Huwa mbaguzi anapomnyima jirani haki kwa sababu ya asili yake. Naye mwenye hatimiliki hawezi kuificha dharau yake nyuma ya karatasi hiyo.