Tangazo limo gazetini, jirani hana habari

Wiki hii naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, hapa hapa mji kasoro bahari, nyumba ya pili kutoka kwangu ilibomolewa ukuta wa mbele. Nikadhani wanakarabati. Baada ya miezi miwili ikajengwa kaunta, spika zikatundikwa mwembeni, na usingizi wa mtaa mzima ukaisha.

Nilipokwenda kulalamika, mwenye nyumba akanionyesha kipande cha gazeti. Alikuwa ametangaza kusudio la kubadili matumizi ya kiwanja, siku za pingamizi zikapita, na hakuna aliyesema neno. Gazeti lile nililisoma. Kusoma magazeti ndiyo kazi inayonilisha! Lakini tangazo lilitaja kiwanja namba fulani, kitalu fulani, na mimi nyumba ile naijua kwa jina la mama mwenye mbuzi.

Wengi wetu tunachanganya mambo matatu. Kibali cha ujenzi kinahusu jengo. Leseni inahusu biashara. Matumizi ya kiwanja ni jambo la tatu, na ndilo linalomgusa jirani zaidi. Hati ikisema makazi, ni makazi mpaka mamlaka ikubali vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mmiliki aombe ruhusa kabla ya kubadili. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo haimruhusu mtu kuendeleza ardhi ya mjini bila idhini ya mamlaka ya mipango, ambayo kwetu ni halmashauri ya manispaa. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2019, wanamtaka mwombaji autangazie umma na kuualika ulete pingamizi.

Pingamizi, hata hivyo, si kura ya turufu. Ukiandika kwamba humpendi jirani, barua yako itawekwa kando. Ukieleza kwamba shimo lake la maji taka litakuwa karibu na kisima chako, au kwamba magari ya wateja yataziba njia pekee ya gari la zimamoto, afisa mipango miji ana kitu cha kwenda kukagua.

Na ninyi mnaokaa Bigwa na Kilakala, chini ya Uluguru, msidhani jirani ni wa kulia na kushoto tu. Anayekata mlima juu yako ni jirani yako pia. Masika yakiingia, udongo wake unashukia uani kwako.

Sasa tufanyeje? Toa hati yako kabatini, au risiti ya kodi ya pango la ardhi, usome namba ya kiwanja na kitalu. Kisha nenda ofisi ya ardhi, uombe kuonyeshwa mchoro wa mtaa wenu, unakili namba za wanaokuzunguka. Nawe unayetaka kubadili matumizi, baada ya kulipia tangazo, mtafute mwenyekiti wa mtaa mpite nyumba kwa nyumba. Utachakaza soli za viatu, basi. Afadhali kubishana barazani kabla matofali hayajashushwa.

Mimi namba za majirani zangu nimezibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Ziko saba. Ile ya baa nimeipigia mstari mwekundu.