Waya Umefika Mikoani; Mwenzake Yu Wapi?

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, wengi waliamini kuwa umbali umekwisha. Zamani tulitegemea setilaiti, nazo zilikuwa ghali na za polepole. Sasa, ilisemwa, kijana wa Sumbawanga atavumbua mambo sawasawa na kijana wa Nairobi. Yafaa ahadi hiyo tuipime bila ya ushabiki.

Huko Marekani imekwisha kupimwa. Wataalamu watatu wa uchumi, Chris Forman, Avi Goldfarb na Shane Greenstein, waliichunguza miaka ya 1995 hadi 2000, wakati makampuni yalipokuwa yakitia fedha nyingi katika intaneti. Mwaka 2012 walieleza kuwa fedha hizo zilifuatana na kupanda kwa mishahara katika asilimia 6 tu ya wilaya za nchi ile, yaani zile zilizokuwa tayari na watu wengi, elimu, mali na kazi zinazotegemea kompyuta. Kwingineko faida hiyo haikuonekana.

Hapo mtu angeweza kufunga daftari na kusema kuwa mwenye nacho ndiye anayeongezewa. Lakini mwaka 2014 mabwana wale wale walitoa matokeo mengine, nayo ni ya kushangaza. Walihesabu hataza za uvumbuzi, wakaona kuwa uvumbuzi wa Marekani ulikuwa ukizidi kukusanyika mahali pachache, ila wilaya zilizotangulia kuitumia intaneti ziliuvunja mwendo huo. Na sababu yake? Hasa ni hataza za watu walioshirikiana kutoka mbali. Mvumbuzi aliyekaa peke yake, au na jirani yake tu, hakupata msukumo kama huo.

Kwetu sisi jambo hili ni zito. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umekwisha kufika katika makao makuu ya mikoa. Na nyaya za baharini, japo zilikatika Mei 12, 2024 na kutuacha gizani, zilitengenezwa. Lakini waya haumtafutii mtu mwenzake. Fundi wa Mbeya aliyebuni mashine ya kukoboa mpunga anahitaji mhandisi wa kumkosoa, maabara ya kuijaribu, na mtu wa kumwonyesha namna ya kusajili haki yake. (Tukumbuke pia kuwa M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, kabla ya nyaya hizo, kwa simu ndogo za kawaida.)

Kwa hiyo tunaposomewa idadi ya kilomita za mkongo zilizotandazwa, tuulize na hesabu ya pili: katika kila mkoa ni mafundi wangapi wanaofanya kazi moja na wenzao wa chuo kikuu, wa mkoa mwingine, au wa ng'ambo? Hesabu hiyo wakuu wa mikoa wanaweza kuanza kuiandika mwaka huu huu.