Fahamu: Dolutegravir na ujauzito

Dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, ilitiliwa shaka Mei 2018. Utafiti wa Tsepamo nchini Botswana ulikuta watoto 4 kati ya 426, ambao mama zao walikuwa wakiitumia walipopata ujauzito, wamezaliwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Idadi hiyo ni ndogo mno kutolea hukumu, lakini nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwawekea wanawake wenye umri wa kuzaa mipaka ya kuitumia dawa hiyo. Mjini Kigali, Julai hiyo, wanawake wanaoishi na VVU walidai haki ya kuamua wenyewe. Walikuwa sahihi. Kufikia 2019 hesabu ilikuwa watoto 5 kati ya 1,683, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegravir hata kwa wajawazito. Takwimu za baadaye hazikuonyesha tofauti na dawa nyingine.