Dakika Sabini na Moja za Nyamagana

Wanangu, sogeeni. Leo nawasimulia mechi ya mpira iliyochezwa hapa Mwanza kabla wengi wa baba na mama zenu hawajazaliwa. Ilikuwa Jumamosi, Agosti 10, 1974, katika Uwanja wa Nyamagana, palepale katikati ya mji. Timu zilikuwa Simba na Yanga, na kilichogombewa ni ubingwa wa taifa. Sare haikuwa na nafasi. Mmoja angerudi Dar es Salaam na ubingwa, mwingine angerudi mikono mitupu.

Wachezaji wa siku ile majina yao yameandikwa. Mashabiki hawakuandikwa popote, na habari zao ndizo ninazotaka mzisikilize leo, kwa sababu upande mmoja ulibaki nyuma kwa dakika 71 bila kujua mwisho utakuwaje. Kucheza ukiwa nyuma ni kugumu, lakini mchezaji angalau ana miguu ya kukimbilia na mpira wa kuugombea. Shabiki ana mdomo tu.

Kwanza upateni mji wenyewe. Mwanza ya 1974 haikuwa jiji. Hadhi hiyo ilikuja mwaka 2000. Uwanja wa CCM Kirumba mnaoujua ninyi haukuwepo, na CCM yenyewe ilikuwa haijazaliwa, maana chama kile kilianza Februari 5, 1977. Mawe yalikuwa haya haya, na Jiwe la Bismarck lilikuwa limesimama majini vilevile. Treni ya Reli ya Kati ilikuwa ikifika hapa tangu 1928, na aliyetoka Dar es Salaam alipita Morogoro, Dodoma na Tabora kabla ya kuliona ziwa. Wa Bukoba walivuka kwa MV Victoria. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara, na haikuwepo kwa miaka mingine 20, hadi 1994. Mechi kubwa zilifuatiliwa kwa redio. Kwa hiyo mtoto wa Igogo au wa Kirumba angeweza kuwataja wachezaji wa Yanga mmoja mmoja, lakini akipishana nao njiani asiwajue. Jumamosi ile ndiyo walikuja kuonekana kwa macho.

Na walikuja na uzito wao. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ilikuwa imebeba ubingwa wa nchi mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972. Simba, ya 1936, ambayo mpaka 1971 iliitwa Sunderland, ilikuwa imeukata mnyororo huo mwaka 1973. Simba hao walikuwa wakali kwelikweli: mwaka huohuo wa 1974 walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika. Mpenzi wa Yanga aliyeingia Nyamagana alikuwa anaidai heshima yake, na mpenzi wa Simba alikuwa analinda mali mpya.

Dakika ya 16, Adam Sabu akaifungia Simba.

Mnajua kinachotokea katika sekunde zile. Nusu ya uwanja inaruka, nusu nyingine inakaa. Mkitaka kuufahamu mpira, msiwaangalie wanaoruka, maana furaha ni ileile kila mahali. Watazameni waliokaa, muwasikilize, kwa kuwa mazungumzo yao yana njia yake, na njia hiyo haijabadilika hata leo katika vibanda umiza vya kutazamia mpira vya Mabatini, Igoma na Buhongwa.

Dakika chache za mwanzo shabiki aliyefungwa huwa hana neno. Kisha atasema, “Bado mapema.” Halisemi kwa jirani, anajiambia mwenyewe. Goli lisiporudi anamgeukia mwamuzi: alimwonea fulani, hakuona kisigino kile, kibendera alilala. Baadaye mwamuzi anasahauliwa na zamu inakuwa ya wachezaji wake mwenyewe. Beki alisimama wapi? Kipa alikuwa anatazama nini? Mtu ambaye asubuhi alikuwa anamsifu mchezaji kama ndugu yake wa damu, sasa anataka atolewe. Mapumziko yakifika kila mmoja ni kocha, na kila mmoja ana kikosi chake kichwani. Halafu, kipindi cha pili kikishaenda sana, zinakuja hesabu. Zimebaki ngapi? Dakika 20 zinatosha. Dakika 15 zinatosha. Kumi… mpira unadunda.

Wapo watu wazima wanaoona maneno haya ni kelele za bure. Mimi siamini hivyo. Katika kubishana huku ndimo kijana anamojifunza mpira: kwa nini winga amebanwa, kwa nini kiungo anachelewa kurudi, kwa nini timu inayoongoza inaanza kurudi nyuma yenyewe bila kuambiwa. Timu ikishinda mabao matatu hakuna anayefundishwa kitu. Watu wanaimba tu. Timu ikifungwa, hata yule mzee mkimya wa pembeni anafungua kinywa na kueleza alichokiona, na mara nyingi amekiona kweli.

Jambo moja gumu huja mwishoni, nalo ni kuondoka. Kila uwanja una watu wanaosimama dakika ya 80, wanakung’uta vumbi, wanaelekea mlangoni ili wasiwakute watani wakishangilia. Kwa watu wa kanda hii kuondoka katikati ya mchezo ni jambo zito kuliko mnavyodhani, na hapa inabidi niwatoe Nyamagana kidogo niwapeleke Bujora, kule Kisesa.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, vilivyoanza karne ya 19. Vimebeba sifa za waasisi wao, Ngika na Gumha, waganga wawili walioshindana nani dawa yake ina nguvu zaidi. Mpaka leo, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, makundi ya pande hizi mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja kwenye eneo lake. Hakuna goli wala mwamuzi mwenye kipyenga. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi fikirini: ukiwa shabiki wa Wagalu, ukachoka, ukavuka kwenda kuchungulia upande wa pili kwa sababu wamemtoa chatu, miguu yako imewapa wapinzani alama. Ndiyo maana wachezaji hubuni vituko vipya kila mwaka, na ndiyo maana watazamaji wao huombwa, huvutwa, hata hutaniwa wasiondoke. Huko mtazamaji ndiye matokeo.

Kwenye mpira wa miguu ukiondoka ubao wa magoli haubadiliki. Anayepoteza ni wewe peke yako, na sijui kama kuna hasara chungu kuliko kuwa njiani unarudi nyumbani halafu unasikia uwanja ulioutoka ukilipuka.

Upo mchezo mwingine ambao mashabiki wake wanaijua subira hii kuliko sisi wote, nao ni kriketi. Hapa Mwanza ni wachache wanaoufuata, lakini kaskazini ya ziwa hili hili, Entebbe, kuna uwanja wake si mbali na maji. Mechi ndefu kuliko zote za kriketi huitwa Testi, na inaweza kuchukua siku tano. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye hadhi ya kuicheza bado. Shabiki wa Testi akifungwa mapema hana dakika 71 za kuumia, ana usiku mzima wa kulala na huzuni, aamke, arudi uwanjani, aumie tena. Machi 2001, mjini Kolkata, India waliachwa na Australia kwa mikimbio 274, na mikimbio ndiyo pointi za mchezo ule. Wakaamriwa kupiga tena palepale. Siku ya nne wapigaji wawili, Laxman na Dravid, walikaa uwanjani kutwa nzima bila kutolewa hata mmoja. Mwishowe Laxman alifikisha mikimbio 281 na Dravid 180. Siku ya tano India wakashinda kwa mikimbio 171. Aliyekata tamaa siku ya pili akatafuta kazi nyingine ya kufanya alikosa mojawapo ya mechi kubwa kuliko zote za mchezo huo.

Na msione ni mambo ya mbali. Juni 2024 majirani zetu Uganda walicheza Kombe la Dunia la kriketi ya mechi fupi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Dhidi ya Papua New Guinea, kule Guyana, walihitaji mikimbio 78 tu. Kwa saa za huku ilikuwa usiku wa manane, na waliokesha waliona wapigaji watatu wakitolewa timu ikiwa na mikimbio sita, kisha watano ikiwa na 26. Nani asingezima simu alale? Riazat Ali Shah hakuwa na haraka. Alipiga taratibu hadi akafikisha 33, na Uganda wakashinda mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia. Mapema katika mechi hiyohiyo, Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alikuwa amewabana wapinzani wasipate kwake zaidi ya mikimbio minne.

Turudi Nyamagana, dakika zinakwisha. Ilipofika ya 80 Simba walikuwa bado mbele. Ya 85, bado. Ubingwa ulikuwa umeshakaa mkononi mwao kwa saa nzima na zaidi. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akafunga. Bao moja kwa moja. Kama yupo mpenzi wa Yanga aliyetoka dakika ya 86, huyo alibakiza hatua chache tu.

Kwa kuwa bingwa lazima apatikane, timu ziliongezewa dakika 30. Hapo angalieni kitu kilivyogeuka. Magoli yalikuwa sawa, moja na moja, lakini mashabiki hawakuwa sawa. Aliyekuwa nyuma tangu dakika ya 16 sasa alijiona ameshinda nusu. Aliyekuwa mbele tangu dakika ya 16 alijiona ameibiwa. Dakika ya 97, saba tu ndani ya muda wa nyongeza, Sunday Manara akafunga la pili. Huyu ndiye aliyeitwa Kompyuta kwa jinsi alivyoupanga mchezo kichwani, na baadaye alivuka bahari kwenda kucheza Uholanzi, miongoni mwa Watanzania wa kwanza kabisa kulipwa kwa kucheza mpira Ulaya. Simba walibaki na dakika 23 za kusawazisha. Sasa ilikuwa zamu ya wapenzi wao kusema “bado mapema,” kumlaumu mwamuzi, kumlaumu beki, kuhesabu. Goli halikurudi. Yanga mabingwa, mbili kwa moja.

Watani hawa wamebadilishana machungu mara nyingi tangu siku ile, na wapenzi wa Simba walilipwa deni lao. Jumapili ya Oktoba 20, 2013, jijini Dar es Salaam, Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza mabao matatu kwa bila, la kwanza likiwa la Mrisho Ngassa, kijana aliyezaliwa hapahapa Mwanza, na mawili ya Hamis Kiiza. Kipindi cha pili Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze wakayarudisha yote matatu. Siku hiyo kila mmoja alikuwa na televisheni au simu, na magoli yale sita mnaweza kuyatafuta mkayaona usiku huu mkitaka.

Ya Nyamagana hamtayapata kwa urahisi huo. Kwenye orodha za mechi za watani mtakuta mstari mmoja tu: tarehe, majina matatu, dakika tatu. Mengine yote, yaani jua lilivyokuwa, kelele zilitoka upande gani, watu walisema nini kati ya dakika ya 16 na ya 87, yamo vichwani mwa waliokuwepo. Aliyekuwa na miaka 15 siku ile sasa amevuka 60. Wako Kirumba, wako Pasiansi, wako Ukerewe, wengine ni babu na bibi zenu wa kuwazaa. Nawaombeni mwende kwao mwezi huu, msisubiri likizo ndefu. Mwamkieni mzee, mketi chini, mumuulize alikuwa wapi Agosti 10, 1974, alikuwa wa timu gani, na dakika ya 80 alikuwa anasema nini. Chukueni daftari, andikeni anachosema kama anavyosema, na mbele yake andikeni tarehe.