Ukikata Mtutu, Umekata Nini?

Mantapala ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa Januari 2018 wilayani Nchelenge, mkoa wa Luapula, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Wanaoishi humo wengi ni Wakongomani kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, watu wa Pweto, Moba na Mitwaba, na kabla ya kupewa viwanja walipitia kituo cha muda cha Kenani. Kiswahili chao ni kile cha Katanga. Walichokikimbia hakikuwa kitu kimoja: ilikuwa mishale na mapanga katika ugomvi wa Wabatwa na Waluba, wanamgambo wa Bakata Katanga, na askari wa serikali waliotumwa kupambana nao. Na popote penye bunduki katika vita hivyo, aghalabu ilikuwa ile ambayo hata mtoto huitambua kwa magazini yake iliyopinda, AK.

Mtutu wa AK una urefu wa milimita 415. Aliyeibeba vichakani Mitwaba hakuulizwa kama anautaka mrefu zaidi au mfupi zaidi. Suala hilo lilikuwa limeshaamuliwa Urusi miaka ya 1940, na kila bunduki iliyowahi kuvuka Ziwa Mweru ilikuja na mtutu uliopimwa na mtu mwingine, mbali, kwa sababu zake.

Sababu hizo zinaeleweka bila kuwa mwanajeshi. Kinachoisukuma risasi ni gesi. Baruti ikishika moto ndani ya ganda hugeuka gesi, gesi hutanuka, na risasi haina pa kwenda ila mbele. Maadamu iko ndani ya mtutu, inaendelea kusukumwa. Mtutu ukiwa mfupi, risasi hutoka wakati gesi bado ina nguvu tele, na nguvu hiyo humwagika hewani bila kazi: ndio ule mwako mkubwa mdomoni mwa bunduki na mshindo unaoumiza masikio. Mtutu ukiwa mrefu kupita kiasi, gesi huishiwa nguvu kabla ya safari kwisha, na mzigo wote wa chuma humwelemea mbebaji bure.

Gharama ya kukata mtutu inaonekana wazi katika jamaa moja ya bunduki za Kirusi zinazotumia risasi ileile ya milimita 5.45. AK-74, yenye mtutu wa milimita 415, huirusha risasi kwa mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde. AK-105 ina mtutu wa milimita 314, na mwendo hushuka hadi 840. Halafu kuna AKS-74U, kibunduki kilichoingizwa jeshini mwaka 1979, chenye mtutu wa milimita 206.5 tu: mita 735. Ukikata sentimita 10 za kwanza unapoteza mita 60. Ukikata karibu sentimita 11 nyingine unapoteza mita 105. Kadiri unavyolikaribia ganda ndivyo kila sentimita inavyozidi kuwa ghali, kwa kuwa hapo ndipo gesi inaposukuma kwa nguvu kubwa kabisa. Na kwa kuwa nguvu ya risasi hufuata mwendo mara mwendo, AKS-74U imepoteza thuluthi nzima ya nguvu ya AK-74.

Kwa nini basi waliitengeneza? Kwa sababu ikikunjwa kitako inabaki na urefu wa sentimita 49, na dereva wa kifaru anaweza kutoka nayo kwenye tundu la kifaru bila kunasa. Yeye hategemewi kumpiga mtu aliye mita 400. Anategemewa kuokoa roho yake.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Bunduki za aina hii hujipakia zenyewe kwa kuiba gesi kidogo kupitia tundu lililotobolewa ubavuni mwa mtutu. Risasi ikishalipita tundu hilo, gesi inapaswa kubaki na msukumo kwa muda kidogo ili mtambo urudi nyuma, uteme ganda na kuchukua risasi nyingine. Mtutu ukikatwa, muda huo hupungua, na bunduki huanza kukwama. Ndiyo maana AKS-74U imefungwa mdomoni chemba nene ya chuma: inaizuia gesi isitoroke mapema, na papo hapo inapunguza mwako. Fundi wa mtaani anayedhani kufupisha bunduki ni kazi ya msumeno hajui kwamba anavuruga mizani ya mashine nzima.

Si kila risasi inaumia sawasawa mtutu ukikatwa. AK-104 ina mtutu uleule wa milimita 314, lakini inatumia risasi ya zamani ya AK, ya milimita 7.62. Mwendo wake ni mita 670 hivi kwa sekunde, dhidi ya 715 za mtutu mzima, yaani upungufu wa mita 45 tu. Mtutu wenye tundu pana ndani huipa gesi nafasi ya kufanya kazi yake haraka. Wamarekani walilifuata wazo hilo hadi mwisho wake walipotengeneza risasi iitwayo .300 Blackout, iliyosajiliwa rasmi mwaka 2011 na iliyokusudiwa tangu mwanzo kwa mitutu ya sentimita 23 hivi. Anayeanza na urefu wa mtutu kabla ya kuchagua risasi ameanzia mwisho.

Jambo moja ambalo watu wengi hulikosea: mtutu mfupi hauifanyi risasi iende upogo. Chuma kifupi ni kigumu zaidi na hutikisika kidogo. Kinachoharibika ni shabaha ya jicho, kwa sababu umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma umepungua, na kosa dogo la mkono huwa kubwa kule mbele.

Katika ufuko wa Mweru wenyewe, historia ilianzia upande wa pili kabisa, kwenye mitutu mirefu. David Livingstone alipoliona ziwa hili Novemba 1867, misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imeshaizoea njia ya kwenda kwa Mwata Kazembe. Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Ziwa Tanganyika. Alijeruhiwa kwa mishale, kama anavyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Silaha za misafara hiyo zilikuwa hasa magobole: baruti humiminwa mdomoni, risasi hufuata, na mdeki hushindilia. Baruti nyeusi huhitaji njia ndefu ili kufanya kazi yake, na gobole lililokatwa lingekuwa moshi mwingi na risasi legevu. Anayepakia amesimama naye hakerwi sana na urefu, ilmradi mdeki unafika chini.

Kisha Ulaya ikaamua nani abebe nini. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Mweru ilikuwa ndani. Kilichoruhusiwa kwa wenyeji, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizochongwa mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mkataba ulijitangaza kuwa wa kukomesha utumwa, na biashara ya watu ilihitaji kweli kukomeshwa. Lakini miaka 10 haikuisha kabla ya watawala wa pande zote mbili za ziwa kukabiliwa na askari wenye bunduki zilezile walizokatazwa wao.

Wazungu nao walikuwa wakibishana juu ya sentimita. Jeshi la Uingereza lilikwenda kupigana na Makaburu mwaka 1899 likiwa na bunduki mbili tofauti: Lee-Enfield ndefu ya askari wa miguu, yenye mtutu wa karibu sentimita 77, na karabini fupi ya wapanda farasi. Karabini ilizidiwa vibaya na Mauser za Makaburu zilizopiga kutoka mbali. Baada ya vita Waingereza walikata shauri kutengeneza bunduki moja kwa wote, na mtutu ukawekwa sentimita 64. Ni miongoni mwa maafikiano machache ya kamati za kijeshi yaliyokuja kuridhisha wengi, japo wakati huo yalilalamikiwa sana.

Wapinzani wao wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, wengi waliingia vitani mwaka 1914 na Mauser za 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila walipofyatua, moshi uliwatangaza. Walipoweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, kaskazini mwa Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki nyingi mikononi mwao zilikuwa zimetekwa kwa Waingereza na Wareno. Askari hao ndio waliokuwa wamechagua kwa hiari yao, na njia yao ya kuchagua ilikuwa kunyang'anya.

Mwaka 1944 Uingereza ilijaribu tena kufupisha, safari hii kwa ajili ya misitu ya Asia, kama ile ya Burma ambamo vijana wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana. Mtutu ulishuka hadi sentimita 48, uzito ukapungua, na risasi ikabaki ileile yenye nguvu. Matokeo yake yalikuwa teke begani, mwako uliohitaji kofia ya chuma mdomoni mwa mtutu, na malalamiko kwamba bunduki inahama shabaha. Uzalishaji ulikoma mwaka 1947.

Marekani ndiko urefu wa mtutu ulikogeuka kuwa suala la kodi. Sheria ya mwaka 1934 iliziweka bunduki zenye mitutu mifupi katika fungu moja na bombomu: zisajiliwe serikalini na zilipiwe dola 200. Muswada wa kwanza ulizigusa bastola pia, na bunduki fupi ziliongezwa ili mtu asikwepe kwa kukata ndefu. Bastola zikaondolewa kabla sheria haijapita. Bunduki fupi zikabaki, zikiziba mwanya wa kizuizi ambacho hakipo tena. Tangu 1960 kipimo ni inchi 16, yaani milimita 406.4. Mtutu wa AK umekikwepa kwa chini ya sentimita moja. Kodi ya bunduki fupi imeshushwa hadi sifuri tangu Januari 2026, ila usajili unaendelea.

Kaskazini mashariki ya Nchelenge, kati ya Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika, kuna vichaka vizito ambamo mtu haoni hatua chache mbele yake. Mahali kama hapo askari wa wanyamapori angetamani kitu kifupi kisichonasa matawini, na wengi wao Zambia hubeba AK. Inamtosha akikutana na jangili. Akikutana na tembo aliyekasirika, hesabu ni nyingine: risasi ya AK ina gramu 8 na nguvu ya jouli 2,000 hivi, ilhali .375 ya wawindaji hubeba gramu 19 na karibu mara tatu ya nguvu hiyo. Wawindaji wa kulipwa wanaoingia vichakani na .375 hupendelea mtutu wa sentimita 55 hadi 60, na matawi wanayavumilia.