Nani afundishe uhasibu? Sehemu ya 2: Uzamivu na hesabu za chisense

Baada ya kuzungumzia mitihani ya kitaaluma, tuje kwenye swali wanaloniuliza zaidi vijana wa Chienge na Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, wenye shahada ya kwanza ya uhasibu: je, bila uzamivu mtu ataruhusiwa kufundisha chuoni?

Inategemea ni darasa gani. Anayetaka kufundisha stashahada katika chuo cha kati hahitaji uzamivu. Anahitaji kuijua kazi, kuwa na shahada, na hasa kuwa na cheti cha ZICA, chombo cha wahasibu wa Zambia kinachofanya kazi chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008. Tanzania nako CPA ya NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1972, humpa mkufunzi heshima ambayo shahada peke yake haimpi. Chuo kikuu kina ngazi zake: mwenye uzamili huanza akiwa mhadhiri msaidizi, na bila uzamivu ni vigumu kupanda zaidi.

Mpaka hapo ni kanuni tu. Tutazame kinachofundishwa.

Upande wa Zambia, uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mfanyabiashara wa Kashikishi aliyejaza ghala lake chisense kavu, yaani dagaa wa ziwa hilo, mwezi Novemba atafunga hesabu tarehe 31 Desemba akiwa bado na magunia, na bei sokoni imepanda. Ayaandike magunia hayo kwa bei gani? Kanuni ya kimataifa ya IAS 2 inamtaka achukue kilicho kidogo kati ya gharama na kile atakachopata akiuza, baada ya kutoa gharama za kuuzia. Kwa kuwa bei imepanda, anabaki na gharama: alichonunulia, ukaushaji, na usafiri wa kuufikisha mzigo ghalani. Faida ataiandika siku akiuza.

Jirani yake anayefuga samaki bwawani yuko chini ya kanuni nyingine, IAS 41. Yeye huwapima samaki walio hai kwa thamani ya haki, akaondoa gharama za kuuzia, na thamani hiyo ikipanda, faida inaingia kwenye hesabu za mwaka kabla hajamtoa majini samaki hata mmoja. Mvuvi wa ziwani hahusiki na kanuni hiyo kwa sababu samaki anaowavua hakuwalea. Kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza jambo hili kunamtaka mtu aliyewahi kuhesabu magunia ghalani huku mwenye mali amenuna. Uzamivu haufundishi hilo, na mimi niliye nao sioni haya kulisema.

Unachofundisha uzamivu ni utafiti: kuuliza kwa nini wenye maduka hawaweki vitabu, au kama ukaguzi unapunguza wizi katika halmashauri, kisha kukusanya takwimu na kuzipima. Anayesimamia tasnifu za uzamili lazima awe ameipitia njia hiyo mwenyewe. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni na amri ya jumla. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliagiza wahadhiri wawe na uzamivu, ikawapa miaka 5. Mwaka 2019 ulipofika, wengi walikuwa bado hawajamaliza, na haikuwezekana kuwafukuza wote na madarasa yakaendelea. Katika uhasibu shida huwa kubwa zaidi, maana mwenye CPA analipwa vizuri nje ya chuo, na ni wachache watakaoacha mshahara huo wakawe wanafunzi tena.

Marekani walitangulia kuyaona haya. Zamani uzamili pamoja na CPA vilimtosha profesa wa uhasibu kule. Mwaka 1959 ripoti mbili, moja ya Ford Foundation na nyingine ya Carnegie, zilizishutumu shule za biashara kuwa hazina uzito wa kitaaluma, na uzamivu ukawa ndio kipimo. Wenye uzamivu wakaadimika, hadi mwaka 2008 makampuni makubwa ya ukaguzi yakachanga mamilioni ya dola kuwasomesha uzamivu wahasibu waliokuwa kazini. Leo AACSB, inayozithibitisha shule hizo, huwatambua pia walimu waliotoka kazini, mradi sehemu ya walimu wawe watafiti, na wote waendelee kujinoa.

Mpango huo wa milango miwili, wa watafiti na wa waliotoka kazini, ndio ninaoutaka Lusaka, Kitwe na Dar es Salaam. Kwa kijana wa Chienge, ushauri wangu ni huu: maliza kwanza CA, yaani cheti cha ZICA, fanya kazi ya ukaguzi, chukua uzamili, uanze kufundisha. Uzamivu uufuate ukiwa na swali linalokunyima usingizi na mtu wa kukulipia ada. Wapo wanaoanza kwa uzamivu, wakafika darasani hawajawahi kufunga hesabu za mwaka hata za kibanda, na wanafunzi huwagundua muhula wa kwanza.